Konokono Aliyefanywa Mwewe

Benchi lile limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, nyuma ya posta, na kwa kuwa mguu wake mmoja ulishakufa zamani, upande huo unashikiliwa na tofali. Kila asubuhi, kabla kazi hazijachangamka, hukaa hapo watu walewale na kahawa ileile. Yupo Wakili, kinyozi mwenyewe, ambaye sheria zote anazozijua amezipata vichwani mwa wateja wake. Yupo Setilaiti, fundi baiskeli, mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui. Yupo Bi Birika, mwenye kahawa, na ulimi wake una moto kuliko hiyo kahawa. Na yupo Pima, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu akikutupia jicho tu amekwisha jua kiuno chako na uongo wako. Asubuhi hii Pima alikuja wa mwisho, hakumsalimu mtu, akakaa upande wa tofali, upande ambao mwenye akili zake hakai.

— Fundi, salamu umeisahau nyumbani? Bi Birika alimuuliza huku anammiminia.

— Chaneli yangu imefungwa.

— Chaneli ipi?

— Ya hadithi. Ninayo nyingine?

Sasa, asiyejua na ajue kwamba chaneli hiyo ndiyo ilikuwa roho ya Pima. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, akazaa hukohuko, na wajukuu wakawa wa kuonwa kwenye kioo cha simu. Pima akaanza kuwasimulia hadithi. Lakini mtu huyu mikono yake ikikaa bure na mdomo nao hukauka, kwa hiyo alikuwa anaisimamisha simu kwenye rafu ya nyuzi, anakanyaga cherehani yake ya miguu, na hadithi inatoka pamoja na mshono. Alibuni konokono mmoja aliyepewa kazi ya utarishi. Kila hadithi ni safari: konokono anakabidhiwa ujumbe, anautia ndani ya gamba, anaondoka, na anapofika mambo yote yameshageuka. Aliyetumiwa matusi amekuwa rafiki. Aliyetumiwa posa ana wajukuu.

Binti akamfungulia baba yake chaneli kwenye mtandao wa video, na watu wasiojuana wakaanza kuja. Dereva wa malori, mlinzi wa ghala, mama mmoja asiyeweza kuinuka kitandani. Chini ya kila safari walikuwa wanasalimiana, na mmoja akipotea wenzake wanamuulizia mpaka aonekane. Pima aliwajibu wote, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Halafu juzi akagundua kuna mtu amezibeba safari zote, amezisomesha kwa sauti ya kompyuta na kuziweka kwenye chaneli yake. Alikuja kulalamika hapahapa benchini, wenzake wakamtuliza, akaondoka ana kinyongo chake. Na leo ndiyo hivi tena.

— Ngoja kwanza, Wakili alisema. Wewe ndiye uliyeibiwa. Na wewe ndiye uliyefungiwa?

— Mimi. Wameniandikia kwamba watu wengi wamelalamika, na wao wamechunguza, wakaona kazi zangu ni za kuiga.

— Za kumwiga nani?

— Za kumwiga yule aliyeniibia.

Setilaiti aliguna. Bi Birika akaliweka birika chini, jambo ambalo halifanyi ovyo.

— Si ukate rufaa? Wakili alisema.

— Nimekata. Nimejibiwa kabla sijaiweka simu mfukoni. Ni mashine ndiyo iliyonijibu, inanishukuru kwa uvumilivu wangu. Nani kaiambia navumilia?

— Na hadithi zenyewe, Bi Birika alisema, si umebaki nazo kwenye simu?

— Simu hii ina nafasi ya kitu gani? Nikishaweka kule, huku nafuta. Jana mjukuu wangu kanipigia analia, ananiuliza, babu, konokono kaenda wapi. Nimwambie nini? Nimwambie babu yako ni mwizi wa mali yake mwenyewe?

Alipolisema hilo alikitua kikombe kwa nguvu, kahawa ikamwagika. Alikuwa na hasira ya mtu aliyepigwa halafu akapelekwa kituoni yeye.

— Hili halikubaliki, Wakili alisema, na akasimama kama yuko mbele ya hakimu. Kuna kifungu. Mtu akiiba hadithi ya mwenzake, sheria inamtaka airudishe hiyo hadithi na nusu nyingine juu.

— Hiyo nusu ataitoa wapi, na kubuni hawezi? Bi Birika aliuliza.

— Hiyo ni kazi ya mahakama, mimi nakueleza kifungu.

— Achaneni na vifungu, Setilaiti alisema. Hamjui mnapambana na nani. Mtandao una waya umepita chini ya bahari. Ule waya una kiu. Maneno ya vijana ni mepesi, hayakati kiu. Unataka maneno ya mtu mzima, mazito. Ndiyo maana umemfuata Pima. Mtazameni alivyokonda.

— Nimekonda kwa sababu sijala tangu jana.

— Ndivyo unavyoanza. Kwanza hamu ya kula. Halafu siku moja utataka kumwita binti yako, jina halitoki. Limeshavutwa. Na hapo sauti yako wanayo wao. Watawapigia wateja wako: mimi Pima hapa, leteni vitambaa. Watashona.

— Waya utashona? Bi Birika alisema.

— Utashona vipi usishone? Uzi si ni waya mwembamba? Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo imeingiaje?

— Imeingia, wewe ndiye hujaiona.

Bi Birika alimwacha, akamgeukia Pima, na safari hii ulimi wake haukuwa na moto.

— Mimi kinachoniuma si waya. Mtu kakaa chumbani kwake, katoa kitu moyoni, mwingine kakichukua na bado anaheshimiwa. Angekuja kuchukua birika langu hapa, mngemfukuza mtaa mzima. Kwa nini hadithi iwe halali?

— Asante, Pima alisema. Angalau wewe umenielewa.

— Sote tumekuelewa, Wakili alisema, na uso ukamchangamka. Tena hatukukaa kimya. Tulitaka iwe siri mpaka itimie, lakini basi, leo umevunjika moyo, acha nikwambie. Yule mwizi wako tumemshughulikia.

— Mmemshughulikia vipi?

— Ulipoondoka juzi tulikaa hapa tukaulizana: mwenzetu anaibiwa, sisi tunakunywa kahawa? Setilaiti akatufundisha pa kubonyeza ili kuripoti. Tukaripoti wote. Halafu nikawaanza wateja. Namnyoa mtu upande mmoja, nazima mashine, namwambia upande wa pili ni baada ya kuripoti. Atakwenda wapi na kichwa nusu? Walibonyeza wote.

— Mimi nilikatalia pampu, Setilaiti alisema. Hakuna ripoti, hakuna upepo.

— Na mimi kila kikombe, Bi Birika alisema kwa haya kidogo. Hata mashemeji zangu nimewaripotisha.

Pima aliwatazama mmoja mmoja. Tangu juzi alijiona mtu aliyeachwa peke yake na mashine. Kumbe watu hawa, wanaobishana naye mpaka juu ya upande ambao mvua itaanzia, wamehangaika mtaa mzima kwa ajili yake. Machozi yalimkaribia, akayarudisha kwa kunywa kahawa.

— Mungu awalipe, alisema. Jamani, sikujua. Ila haikusaidia. Asubuhi hii nimemtazama, bado yuko hewani, mwewe wake anaruka tu.

— Mwewe? Setilaiti aliuliza.

— Sikuwaambia? Konokono wangu kamfanya mwewe. Eti konokono ana mwendo wa pole, watu hawana subira. Sasa niambieni, mwewe akipewa ujumbe si anaufikisha siku hiyohiyo? Ukifika siku hiyohiyo, hadithi inabaki wapi? Hadithi yote iko kwenye kuchelewa. Yeye kachukua nyumba kaing'oa msingi, halafu anaiita yake.

Setilaiti alikuwa ameshikilia kikombe katikati ya safari, hakijafika mdomoni wala hakijarudi.

— Huyo mwewe, alisema polepole, anaruka na muziki unapigwa?

— Muziki unapigwa.

— Na mwanzoni kuna picha ya fundi, amevaa shati jeupe?

— Huyo hata si fundi. Fundi gani avae shati jeupe kwenye mafuta ya mashine?

Setilaiti alimtazama Wakili. Wakili akaitazama barabara kama anayemngojea mteja.

— Mliripoti ipi? Pima aliuliza.

Setilaiti akakirudisha kikombe chini.

— Wakili, nakuuliza wewe. Mliripoti chaneli ipi?

— Tulitafuta hadithi za fundi, Wakili alisema. Zikaja mbili. Moja safi, ina picha, ina muziki, sauti tamu. Nyingine haina hata picha ya maana, na ndani yake kuna makelele, kitu kinagonga tu, tak-tak-tak, mpaka mwisho. Tukasema, fundi wetu tunamjua, mshono wake hauna kasoro. Ile yenye makelele haiwezi kuwa yake. Hiyo ni ya mwizi.

— Makelele yale ni cherehani yangu, Pima alisema. Ni mguu wangu mimi huo unaogonga.

Alikiweka kikombe chini taratibu sana. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa imeelekezwa mbali, kwa mtu asiye na sura. Hii ya sasa ilikuwa na sura tatu, zote anazijua, zote zimekaa naye benchi moja, na mbili kati yao zilikuwa zimevaa suruali alizozishona yeye.

— Kwa hiyo ni nyinyi, alisema. Wale watu wengi waliolalamika ni nyinyi na vichwa vyenu nusu. Mwizi hakuninyang'anya chaneli, alichukua hadithi akaniachia na zangu. Nyinyi ndio mmezifuta. Wajukuu wangu mmewafutia babu. Yule mama wa kitandani, dereva, mlinzi, wote mmewafukuza mtaani kwao, na hapa mnanipa pole.

— Tulifanya kwa nia njema, Wakili alisema. Na kisheria, kosa lililotendwa kwa upendo ni ajali.

— Sauti yangu hamkuitambua?

— Sauti kwenye simu hubadilika, fundi.

— Na mimi nawaambia huu ni mpango, Setilaiti alisema, na akapata nguvu upya. Mtandao ulijua tunakupenda. Ukaziweka zile mbili makusudi, yako chini, yake juu, halafu ukaita vidole. Kioo cha simu kina sumaku. Mimi kidole changu nilikiona kinakwenda chenyewe, nikakiacha kwa sababu nilidhani kinajua. Ndiyo wahenga wakasema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Nyamaza, Bi Birika alimwambia. Nguoni mwake ni sisi.

— Lakini naye fundi ana sehemu yake, Wakili alisema. Angeweka muziki kidogo, angeweka picha, haya yote yasingetokea. Mtu unatengeneza kazi nzuri unaiacha na makelele.

— Usiniambie habari ya kazi yangu, Pima alisema. Kazi mbovu nirudishie niifumue. Lakini usininyooshee kidole kwa kukanyaga cherehani. Mjukuu wangu mdogo halali mpaka ausikie ule mguu.

— Sisi ni mashabiki wako wa kwanza, fundi. Kabla ya hao wa mtandaoni tulikuwepo sisi.

— Wa kwanza kabisa, Setilaiti alisema.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja wa makamo, kikapu mkononi, viatu vimejaa vumbi la stendi. Alisimama akaisoma milango kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa kwa maneno.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu, kila mmoja ameshukuru moyoni kwa kuletewa jambo jingine.

— Karibu, mama, Wakili alisema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unatafuta nani?

Mama yule alimtazama, akalitazama benchi, akaliona tofali, na uso wake wote ukafunguka.

— Wewe ni Wakili, alisema. Unayenyoa huku unahukumu. Na wewe Bi Birika, uliyemrudishia yule mzee kahawa kwa sababu aliikoroga kwa kalamu. Na huyu atakuwa Setilaiti. Ndugu yangu, lile gurudumu ulilolifunga nyuma mbele, mwenye baiskeli alikusamehe?

Setilaiti alisogea nyuma kidogo.

— Umetujuaje? Wakili aliuliza. Nani amekupa habari zetu?

— Nani tena? Fundi. Kila safari si anaanza na habari za benchi? Mimi ni mpishi, napikia bweni la shule. Tukiwa tunamenya viazi tunamweka, jiko zima linanyamaza. Nyinyi kule ni watu wakubwa. Msaidizi wangu akibisha sana tunamwita Setilaiti.

Watu wa benchi walitazamana. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba ana jina jikoni kwa watu. Pima alikuwa ameinamisha kichwa, na mama yule akamtambua kwa mita ya fundi iliyoning'inia shingoni.

— Fundi, shikamoo. Nimekuja mjini kwa shughuli nyingine, nikasema sirudi kabla sijakuona. Chaneli imefungwa, tumebaki wenye wasiwasi, tunaulizana kama u mzima. Kwenye safari ya mwisho ulimwacha konokono mlangoni, ameshabisha hodi. Wenzangu wamenituma, nisirudi bila kujua nani alifungua.

— Mimi ni mzima, mama, Pima alisema. Nitakwambia nani alifungua.

— Mungu akuweke. Unajua mimi naipenda ipi? Ile ya ndugu wawili. Mdogo anamtuma konokono akaombe radhi, na anapofika kaka mtu ameshasahau aligombana na nani, anauliza tu, mdogo wangu hajambo? Niliisikiliza, nikaacha sufuria, nikaenda nje nikampigia dada yangu. Tulikuwa hatusemeshani.

Akapangusa macho kwa upande wa kiganja, akacheka kidogo kwa kujionea aibu. Kisha akawageukia wale wengine kwa furaha ya mtu aliyekutana na wa nyumbani.

— Na nyinyi je? Nyinyi mnaokaa naye, mnapenda safari ipi?

Lilikuwa swali jepesi, la kupokelea mgeni, na lilikaa pale katikati ya benchi bila mtu wa kulichukua. Wakili akaanza kusema kwamba zote ni nzuri, kwamba kisheria ni vigumu kuchagua, halafu akakutana na macho ya Pima na hakumaliza.

— Mimi nilipenda ile ya mwanzo, Setilaiti alisema.

— Ipi ya mwanzo? mama yule aliuliza. Ya chumvi au ya posa?

Setilaiti, ambaye hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui, aliitazama mikono yake yenye grisi, na hakusema anajua wala hajui.

Bi Birika ndiye aliyezungumza mwishowe.

— Mwanangu, alisema, tusikudanganye. Mimi sijasikiliza hata moja. Nilikuwa nikimwona hapa kila siku, nikaona nishamsikia.

Mama yule alidhani anataniwa. Aliwaangalia usoni mmoja baada ya mwingine, akitafuta atakayecheka, na tabasamu lake likaondoka kidogo kidogo. Pima naye alikuwa anangoja. Alijua jibu tangu lile swali halijamalizika, na bado alingoja, labda mmoja wao angekumbuka hata konokono alikuwa anatumwa na nani. Barabarani watu walikuwa wanapita na shughuli zao.

Akasimama, akakichukua kikapu cha mama yule.

— Twende ndani, mama, nikwambie nani alifungua mlango.

Alipofika kizingitini pake aligeuka. Hakuwa anafoka tena.

— Yule mwizi, aliwaambia, angalau alizisikiliza zote mpaka mwisho.

Wakaingia. Baada ya muda kidogo cherehani ikaanza kugonga kule ndani, na sauti ya Pima juu yake, na pale benchini watatu wale wakanyamaza wapate kusikia, lakini kwa umbali ule maneno hayakuwa yanafika.